Homa ya Ini: Someni Karatasi ya Maabara Pamoja



Mama mjamzito hupimwa damu kliniki, akarudi nyumbani na karatasi inayosema ana homa ya ini aina ya B. Mume anajua kwamba ugonjwa huu huambukizwa kwa tendo la ndoa, na mara shaka huingia. Kabla ya kulaumiana, ielewe kwanza karatasi hiyo.

Vipimo vikuu ni vitatu:

1. HBsAg. Hii ni sehemu ya ganda la kirusi chenyewe. Ikionekana, kirusi kimo mwilini sasa na kinaweza kuambukiza. Ikidumu zaidi ya miezi 6, ugonjwa ni wa kudumu.

2. Anti-HBs. Huu ni ulinzi wa mwili. Hupatikana kwa chanjo, au kwa kuugua na kupona. Ikifika 10 na zaidi, mtu amekingika.

3. Anti-HBc. Huonyesha kwamba kirusi kiliwahi kuingia mwilini, sasa au zamani. Chanjo haileti alama hii.

Sasa ziunganishe. Ya pili na ya tatu zikiwapo bila ya kwanza, mtu aliugua akapona. Ya pili ikiwa peke yake, kwa kawaida alichanjwa. Zote tatu zikikosekana, hana kinga, na achanjwe. Ya tatu ikiwa peke yake, daktari achunguze zaidi.

Je, HBsAg ni ushahidi wa uzinzi? Hapana. Haisemi kirusi kiliingia lini wala kwa njia gani. Watoto wachanga wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa, wasipokingwa, 9 hivi kati ya 10 hubaki nacho. Watu wazima wanaobaki nacho ni chini ya 1 kati ya 20. Basi mwenye ugonjwa wa kudumu huenda aliupata utotoni, miaka mingi kabla ya arusi. Nchini Kenya chanjo hii iliingizwa katika chanjo za kawaida za watoto mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wazazi wengi walizaliwa kabla ya hapo.

Mfanye nini? Pimweni wote wawili. Asiye na kinga achomwe sindano 3: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu baada ya miezi 6 tangu ile ya kwanza. Mpaka Anti-HBs ithibitishe kinga, kujinyima kwa mapatano ni tendo la upendo. Msishiriki wembe wala mswaki. Sahani moja haina hatia. Mtoto achanjwe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa, na mama amnyonyeshe. Mgonjwa naye aendelee kuonwa na daktari, kwa maana dawa za kukituliza kirusi zipo.

Ya kuzungumza nyumbani:
- Kila mmoja wetu amewahi kupimwa, na majibu yalisemaje?
- Mmoja wetu akipatikana na kirusi, mwenzake atamwambia neno gani la kwanza?