Kunyamaza kwa Mwenye Habari
Somo katika Biashara ya Nchi za Mbali

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad.

Ama baada ya hayo: katika mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India iliweka mpaka juu ya mbaazi zinazoingizwa nchini humo, na bei ya mbaazi ikaanguka sana katika Tanzania, kwani soko lake kubwa lilikuwa huko. Basi na tuseme palikuwa na mfanya biashara aliyeletewa habari hiyo mapema na jamaa yake aliyeko Mumbai, na ghala yake imejaa. Akamwendea mwenziwe asiyejua neno, akamwuzia zote kwa bei ya jana. Mbaazi ni safi, hazina mchanga wala wadudu, na mizani ni sawa. Je, amefanya haki, au amedhulumu?

Jua, ewe msomaji, ya kuwa swali hili ni kongwe. Cicero, mtu wa Roma, alilitaja katika kitabu chake cha wajibu alichokiandika mwaka 44 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Mfanya biashara atoka Iskandaria na jahazi ya nafaka, afika kisiwa cha Rhodes, watu wana njaa na bei iko juu. Naye ameziona baharini jahazi nyingine zaja na nafaka. Awaambie, au anyamaze auze? Diogenes wa Babeli alisema kwamba muuzaji hulazimika kutaja aibu za mali yake kama sheria ya nchi itakavyo. Zaidi ya hayo, kunyamaza si kuficha. Mwanafunzi wake Antipater akamkatalia, akasema wanadamu ni jamaa moja, na mnunuzi asifichwe lolote alijualo muuzaji. Cicero naye alihukumu kuwa yule mtu hakupasa kuwaficha watu wa Rhodes.

Katika madhehebu ya Imamu Shafi jambo hili limepambanuliwa kwa uangalifu zaidi. Ama aibu ya kitu kinachouzwa, ni wajibu kuibainisha, na mnunuzi aliyefichwa ana hiari ya kurudisha. Mtume alipotia mkono katika fungu la nafaka, vidole vikakuta maji ndani, alimkemea mwenyewe kwa kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione. Lakini bei ina hukumu nyingine. Mtu akinunua kipande cha kioo akidhani ni johari, na muuzaji hakumwambia kuwa ni johari, hana hiari. Kosa ni lake kwa kutouliza. Hapa Diogenes angefurahi.

Walakini asifurahi upesi. Sheria hiyo hiyo imeharamisha kuutokea msafara nje ya mji na kununua mali ya wageni kabla hawajafika sokoni na kuijua bei. Mwenye kufanya hivyo amepata dhambi, na mgeni, akiisha kujua kuwa amepunjwa, ana hiari ya kuvunja. Tazama tofauti yao. Mwenye kununua kioo yu sokoni, na masonara wako kuume na kushoto kwake. Mwenye msafara yu njiani, hana wa kumwuliza ila yule yule anayemnunulia. Na biashara ya leo baina ya nchi na nchi, mara nyingi mmoja katika wawili ni mtu wa msafara, ingawa ameketi dukani mwake.

Wenyeji wa pwani hii waliifahamu maana hiyo. Ibn Battuta wa Tanja alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta desturi ya kwamba jahazi ikitia nanga, vijana huiendea kwa mashua, kila mmoja na sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanya biashara mmoja na kusema: huyu ni mgeni wangu. Mgeni hushukia kwa mwenyeji huyo, naye ndiye amwuziaye na amnunuliaye. Mtu akinunua kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au akimwuzia pasipo mwenyeji wake kuwapo, mauzo hayo kwao hayakukubaliwa. Wenyeji nao walipata faida katika jambo hilo, wala si aibu. Faida yao ilikuwa katika kumpa mgeni macho.

Turudi kwa mwenye mbaazi. Wote wawili ni watu wa soko moja. Kadhi hatavunja mauzo yale. Lakini Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, amesimulia habari ya mtu wa Basra aliyeandikiwa na mtumishi wake huko Sus kwamba miwa imepatwa na maradhi mwaka ule, basi anunue sukari. Akanunua nyingi, akapata faida ya elfu thelathini. Usiku ule akawaza kuwa amepata fedha na amepoteza nasaha anayodaiwa Muislamu mwenziwe. Kulipokucha akampelekea muuzaji zile elfu thelathini, akamweleza jinsi alivyomficha. Muuzaji akasema: umekwisha niambia, nami nimekuhalalishia. Akarudi nyumbani, asipate usingizi, akihofu kuwa yule mtu amemwonea haya tu. Alfajiri akamwendea tena, akamsihi achukue mali yake, hata akaichukua.

Hapakuwa na kadhi aliyemwita.