Mshale Mdogo Kwenye Kona: Kupanga Njia za Mkato Katika Kompyuta

Wiki ya mwisho ya Juni, kabla ya makataa ya tarehe 30 ya kujaza ritani za KRA, mhudumu wa saiba pale Mikinduri hana muda wa kutafuta kitu. Lakini tazama eneokazi la kompyuta yake, yaani ule uso unaotokea mashine ikiwaka. Limejaa alama hadi ukingoni. Ipi ni ya iTax, ipi ni ya eCitizen, na ipi ni kitambulisho cha mteja wa juzi?

Somo hili ni la wahudumu hao, makarani wa afisi za wadi na walimu wanaotumia kompyuta moja watu watatu.

Tuanze na mshale. Alama nyingi zina mshale mdogo katika kona ya chini, upande wa kushoto. Maana yake ni kwamba hiyo si programu wala faili. Ni njia ya mkato inayokuelekeza kitu kilipo. Ni kama kibao cha barabarani kilichoandikwa "Mikinduri". Ukiking'oa, soko liko palepale. Ukikibeba hadi Maua, hujabeba soko.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Nilienda mkutanoni na flashi nikiwa na hakika hotuba imo. Kufungua, nikakuta njia ya mkato ya KB 2. Hotuba yenyewe ilikuwa imebaki katika kompyuta ya afisini. Mimi niliaibika tu, lakini mwanafunzi anayepeleka fomu ya basari siku ya mwisho anaweza kukosa karo kwa kosa hilohilo. Kwa hivyo, kabla ya kumpa mteja flashi yake, angalia ukubwa wa ulichonakili. Njia ya mkato huwa KB chache tu. Fomu iliyoskaniwa kwa kawaida hufika mamia ya KB au zaidi.

Sasa tupange. Alama zenye mshale ambazo huzitumii, zifute bila hofu, kwani programu haitaondoka. Zisizo na mshale usiziguse kwa haraka. Ukiacha chache za kompyuta yenyewe, kama pipa la taka, nyingi ni faili halisi. Zikusanye katika folda, uihamishe hadi diski D kama ipo, na uweke nakala katika diski ya nje. Kisha shikilia kitufe cha Alt huku ukiburuta folda hiyo hadi kwenye eneokazi: njia ya mkato itajitokeza. Kwa nini usumbuke? Eneokazi kwa kawaida hukaa katika diski C, na fundi akiifuta diski hiyo ili kuweka Windows upya, ulichoacha hapo kinakwenda nayo.

Vitambulisho na vyeti vya wateja ni jambo jingine. Vifute kazi ikiisha, pamoja na vilivyo katika pipa la taka. Hizo ni taarifa za mtu, na zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019.

Tovuti nazo zinastahili njia za mkato, na hapa faida si kasi tu. Anayetafuta huduma upya kila mara anaweza kubofya tovuti ya matapeli iliyotangulia katika matokeo. Nyingi za serikali huishia na .go.ke, kama itax.kra.go.ke, lakini si zote: HELB ni helb.co.ke, na KUCCPS hutumia kuccps.net. Hakikisha anwani mara moja, kisha buruta alama iliyo mwanzoni mwa anwani hiyo hadi kwenye eneokazi.

Panga kwa haja ya mteja: za masomo pamoja, za ushuru pamoja. Zikikataa kukaa unapoziweka, bofya kitufe cha kulia cha kipanya penye nafasi tupu, fungua "View", uondoe tiki kwenye "Auto arrange icons". Mimi huacha kumi tu. Zikizidi, macho huanza kutangatanga.

Ukimaliza, piga skrini picha kwa simu. Kuunganisha projekta wakati mwingine hutawanya alama zote, na picha hiyo itakuonyesha kila moja ilikuwa wapi.