Ngitili: Malisho Yanayofungwa

Somo la mwezi huu ni desturi moja ya Wasukuma wa Shinyanga, ambayo vijana wengi wanaijua jina tu: ngitili.

Nchi yetu ni kavu. Mvua huanza Novemba na kwisha Mei, kisha nyasi hukauka. Kwa hiyo wazee walifunga kipande cha ardhi mvua zilipoanza, wakakiacha kiote majani na miti, na kukifungua kiangazi kilipokaza, yapata Julai au Agosti. Hawakukifungua chote kwa siku moja. Mifugo iliingizwa sehemu baada ya sehemu, na waliotangulizwa ni ndama, ng'ombe wagonjwa na maksai wa kulimia. Aliyeingiza ng'ombe kabla ya wakati alijibu mbele ya dagashida, yaani baraza la jadi, akatozwa faini. Seng'enge haikuwepo, watu waliheshimu mpaka.

Iliharibikaje? Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ili kuua mbung'o. Pamba nayo ilitaka mashamba. Watu walipohamishiwa vijijini miaka ya 1970, ngitili nyingi zilibaki nyuma bila mlinzi. Mwaka 1986, ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), zilibaki hekta 600 hivi. Kwanza wataalamu walikazania miche ya bustanini. Baadaye ndipo walipowageukia wazee na ngitili zao. (Sisi tungeanza na wazee!) Miaka ya 2000 ilipoanza, ngitili zilikwisha kupita hekta 250,000, na mwaka 2002 mradi ukapewa Tuzo ya Ikweta. Kina mama wakapata kuni karibu, pamoja na uyoga, asali, dawa na nyasi za kuezekea.

Lakini miti hiyo ina wanaoitamani. Upande wa Bukombe na Geita, wachimbaji wadogo wa dhahabu wanahitaji matimba, yaani magogo ya kuzuia mashimo yasiporomoke, na wachoma mkaa wananunua bila kuuliza mti umetoka wapi. Tena, mwenye ng'ombe wengi hujifungia eneo kubwa liwe lake, na mjane mwenye mbuzi watatu hubaki na ngitili ya kijiji peke yake. Hiyo ikiuzwa, hana pengine.

Kwa mazungumzo ya vikundi: Kijijini kwetu ngitili ya wote iko wapi, na mipaka yake nani anaijua? Kamati ikikutana kabla ya mvua za Novemba, nani humsemea asiye na ng'ombe?