Duka liko Kariakoo, mnunuzi yuko Nyabusozi

Mwalimu wa kijiji cha Nyabusozi akiona redio ya sola kwenye WhatsApp ya duka la Kariakoo, akailipia kwa simu na kuipokea stendi ya mabasi ya Nyakanazi, hiyo ni biashara ya mtandaoni kati ya mfanyabiashara na mlaji. Muuzaji yuko kazini, mnunuzi anaipeleka nyumbani kuitumia. Mwenye duka kijijini akiagiza katoni nzima ya redio hizo ili auze rejareja, hao ni wafanyabiashara wawili. Na anayemuuzia mwenzake simu iliyotumika kupitia tovuti ya matangazo ya Jiji, hao ni watu binafsi tu.

Tofauti hiyo ina uzito. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamkinga mlaji aliye mtumiaji wa mwisho. Ukinunua ili uuze, usiitegemee. Inamtaka muuzaji ajitambulishe, aeleze bidhaa yake na kutaja bei kamili. Inampa pia mlaji siku 7 za kughairi bila kutoa sababu, ingawa nauli ya kuirudisha inaweza kuwa yake.

Hapo pana mtego. Stendini utaambiwa ufungue mzigo papo hapo uukague. Ukishaufungua, muuzaji anaweza kukukatalia ukisema umebadili mawazo tu. Kasoro ni dai jingine: piga picha boksi likiwa limefungwa, kisha rekodi video unapolifungua.

Tangu soko la mtandaoni la Jumia lifunge shughuli zake Tanzania mwaka 2019, wengi hununua moja kwa moja kwa maduka ya WhatsApp na Instagram, na mara nyingi hakuna wa kati anayeshikilia fedha mpaka mzigo ufike. Omba lipa namba ya duka. Kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Likiwa la mtu usiyemjua, simama uulize. Uliza pia nauli, kwa kuwa bei ya kwenye picha aghalabu ni ya mzigo ukiwa bado Kariakoo, na toka Nyakanazi kuna bodaboda ya kulipia.

Tunza risiti ya muamala, mazungumzo yote na namba ya basi. Muuzaji akikaidi, peleka malalamiko Tume ya Ushindani. Ujumbe wa kitapeli, pamoja na namba iliyoutuma, utume kwenda 15040.