SOMO: "NIKO MUKRISTO"

Usomaji: Yohana 15:1-10, Danieli 6:10, Waamuzi 12:5-6



Tangu ndugu zetu walipoanza kurudishwa kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, mwaka 2005, makanisa yetu ya Fizi yana Kiswahili cha namna mbili. Waliokomalia Nyarugusu na Lugufu wanasema "mimi ni Mkristo", "mimi huomba". Sisi tuliobaki huku ao tuliokimbilia milimani tunasema "niko Mukristo", "ninaombaka". Vijana wanacheka. Na wako mama wazee ambao sasa wananyamaza saa ya ushuhuda, wakiogopa kuchekwa. Jambo hilo si dogo. Someni Waamuzi 12: kwenye vivuko vya Yordani watu walipimwa kwa kutamka neno moja, wakafa 42,000 wa Efraimu. Sisi wa Fizi tunajua maana ya kupimwa kwa ulimi.

Sasa tuangalie neno lenyewe. Shuleni wanafundisha kwamba "niko" ni neno la mahali: niko Mboko, niko shambani. Sisi tumelipanua: niko mugonjwa, niko mwalimu, niko Mukristo. Mwalimu wa sarufi atatia alama nyekundu, na kwa mtihani ana haki yake. Lakini mzee akisema "niko Mukristo", swali linafuata lenyewe: uko wapi? Bwana Yesu katika Yohana 15 anasema habari ya mahali, ya tawi kukaa ndani ya mzabibu. Tawi likikatwa asubuhi, jioni majani yangali mabichi, na kila mpita njia ataliita tawi. Linaweza kusema "mimi ni tawi". Kusema "niko" haliwezi tena.

Na ile "-ka" ya "ninaombaka"? Ni ya desturi, ya jambo la kila siku. Danieli alipojua kwamba amri imetiwa sahihi, alipiga magoti mara tatu kwa siku kama alivyokuwa akifanya tangu zamani. Hakuanza kuomba kwa sababu ya simba. (Wengi wetu tunaanza siku ile risasi zinaposikika.)

Kuna ugomvi mwingine chini ya kicheko hiki. Wa huku wanajivuna: wakati wa vita ya 1996 tulibaki. Wa ng'ambo wanajibu: tuliteseka kambini, imani yetu ilipimwa. Ndugu, kukaa katika Kristo hakukuwa kukaa Baraka. Papa Simon Kimbangu alikamatwa mwaka 1921, akafia gerezani Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Miaka 30 mbali na Nkamba, wala hakuna anayesema kwamba yeye aliondoka. Na wako waliolala kila usiku katika nyumba ya baba zao, ndani ya Fizi, lakini sala waliiacha.

Kwa vikundi vya maombi: kila mmoja aseme ni desturi gani ya sala aliyovuka nayo ziwa ao aliyopanda nayo mlima, na ni ipi iliyopotelea njiani. Anayesema asikatizwe kwa kusahihishwa neno, awe anasema Kibembe, Kiswahili cha Kigoma ao cha kwetu. Mama wazee waanze.