Somo la 6: Namna Dawa Mpya Inavyokuwa Desturi

Shoka jipya lililotundikwa ukutani halikati mti. Ndivyo ilivyo dawa njema isiyomfikia mgonjwa.

Fikiri habari ya Yakusu, chini ya Kisangani kwa kufuata mto. Daktari Clement Chesterman alifika huko mwaka 1920. Ugonjwa wa usingizi, unaoletwa na mbung'o, ulikuwa ukiua watu wengi. Dawa mpya, triparsamidi, ilipatikana. Lakini ilitolewa kwa sindano kila juma, kwa majuma mengi, tena iliweza kuharibu macho. Mgonjwa wa mbali angewezaje kuja kila juma? Na nani angeangalia macho yake? Basi vijana wa Kongo walifundishwa uuguzi pale Yakusu, wakawekwa katika dispensari za vijijini. Dawa ilipopata mtu wake, mahali pake na siku yake, ikawa desturi.

Leo viko vidonge vya feksinidazoli, vilivyokubaliwa katika Kongo mwaka 2018. Wagonjwa wengi huvimeza siku 10 pasipo sindano. Je, kazi imekwisha? Sivyo. Lazima mgonjwa awe amekula, maana bila chakula mwili haupokei dawa ya kutosha, na ugonjwa waweza kumrudia na kumwua. Kwa hiyo neno dogo hili, "Umekula?", ni sehemu ya dawa.

Utajuaje kama neno hilo limekuwa desturi katika dispensari yako? Usikisie. Chunguza hivi:

1. Tazama. Watu husema waliyofundishwa, lakini hutenda waliyozoea.

2. Hesabu. Katika kila mara 10 vidonge vinapotolewa, mgonjwa ameulizwa mara ngapi? Andika kitabuni.

3. Uliza sababu. Usimkaripie mwuguzi. Labda wagonjwa ni wengi mno. Labda aona haya kumwuliza mtu ambaye anajua hana chakula nyumbani. Hapo shauri si kumfundisha tena, ila kutafuta uji.

4. Badilisha jambo moja, kisha hesabu tena baada ya miezi 3.

Tendo likidumu hata mkubwa wa kazi akiwa safarini, hilo limekuwa desturi.

Maswali

1. Kwa nini triparsamidi ilihitaji dispensari za karibu?

2. Ni tendo gani jema ulilofundishwa ambalo limeachwa kwenu? Nani atalihesabu?