Kigogo: Kupinga Udhalimu bila Silaha

Swali: Fafanua jinsi Wanasagamoyo wanavyoupinga utawala wa Majoka kwa njia ya amani. (alama 8)

Watahiniwa wengi hutaja maandamano pekee, kisha hoja zikawaishia. Kumbuka: kukataa kutii pia ni kupinga. Pauline Kea anaonyesha kuwa Majoka anatawala kwa mikono ya wengine. Mikono hiyo ikimwacha, anabaki mtupu.

(i) Sudi anakataa kuchonga kinyago cha shujaa wa utawala licha ya ahadi za Kenga. Badala yake anamchonga Tunu.
(ii) Tunu anaongoza maandamano ya kudai soko la Chapakazi lifunguliwe.
(iii) Raia wanasusia sherehe ya uhuru na kukusanyika kwenye lango la soko.
(iv) Kingi anakaidi amri ya kuwapiga raia risasi.

Tanbihi: Usidai kwamba njia ya amani haina gharama. Tunu anavunjwa mguu, lakini anarudi na magongo yake. Taja mhusika, eleza tendo lake, kisha onyesha lilivyoudhoofisha utawala. Hoja isiyo na mfano kutoka tamthiliani haipati alama.